Nguruwe Pori, Mbwa na Mashamba Yetu

Ndugu wana-Sepuka, mlio nyumbani na mlio mbali,

Mtama, karanga na viazi vilivyotukuza vililindwa kwa jasho. Nguruwe pori hula usiku. Mchana hujificha kwenye vichaka vizito. Wazee wetu waliomfuata humo peke yao walitegemea mbwa. Mbwa walinusa, wakamzingira na kubweka. Mwenye mbwa akaifuata sauti kwa kutambaa. Kichakani mkuki haurushwi, hivyo alimchoma kwa karibu, mbele ya meno yanayopasua mbwa na paja la mtu. Akiumia, hakuwa na wa kumbeba.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilipokusanya kaya, mashamba mengi yalibaki mbali na nyumba, na kuyalinda kukawa kugumu zaidi. Leo kuwinda kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo tunakesha kwa zamu na kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori.

Aliyeua nguruwe mmoja aliokoa mashamba ya majirani wengi, lakini jeraha lilikuwa lake peke yake. Mzigo wa wote tusimwachie tena mtu mmoja. Ndiyo maana tunachanga. Karibuni.