Lisbon 1755: Tetemeko lililoligawa swali la Ayubu

Jumamosi ya Novemba 1, 1755, ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na makanisa ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, yalijaa waumini tangu alfajiri. Mishumaa ilikuwa ikiwaka altareni ardhi ilipoanza kutetemeka, mnamo saa tatu na dakika 40 asubuhi. Matao ya mawe yaliwaporomokea watu waliokuwa wamepiga magoti. Walionusurika wakakimbilia kando ya Mto Tagus, mahali pa wazi. Huko maji yalijivuta mpaka sakafu ya mto ikaonekana, kisha bahari ikarudi kwa nguvu na kuwazoa. Mishumaa na majiko yaliyopinduka yakawasha moto ulioteketeza mji kwa siku kadhaa. Makadirio mengi yanataja vifo kati ya 30,000 na 50,000 katika mji huo peke yake.

Jumba la Baraza la Uchunguzi wa Imani, mahakama ya Kanisa ya kuwahukumu wazushi, lilianguka. Hospitali kuu ya mfalme iliungua. Wakati huohuo ikasimuliwa kwamba mtaa wa madanguro huko Alfama ulisalimika. Kwa mji uliojulikana Ulaya nzima kwa ibada na maandamano ya kidini, siku hiyo, saa hiyo na namna hiyo ya kufa vilikuwa fumbo lisilovumilika.

Swali lenyewe lilikuwa la kale. Ikiwa Mungu ni mwema na anaweza yote, mateso yanatoka wapi? Ayubu aliliuliza akiwa ameketi majivuni. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba katika yote yanayowezekana hakuna mpangilio ulio bora kuliko huu uliopo, na wanazuoni wa Kiislamu wakabishana juu yake kwa karne nyingi, wengine wakiona kauli hiyo inauwekea mipaka uwezo wa Mwenyezi Mungu. Karne sita baadaye, mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alifika jirani na hapo kwa njia yake. Katika kitabu chake Théodicée cha mwaka 1710 alidai kuwa Mungu, akiwa na dunia zote zinazowezekana mbele yake, hangechagua iliyo duni. Uovu tunaouona ni sehemu ya wema mkubwa zaidi ambao macho yetu hayaufikii. Haiko mbali na faraja tunayopeana misibani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Kifusi cha Lisbon kilikuwa bado cha moto wahubiri walipoanza kukigombania. Padri Gabriel Malagrida, Mjesuiti kutoka Italia, alichapisha kijitabu mwaka 1756 akisema kilichoangusha mji ni dhambi za wakazi wake, na kwamba kuhangaikia kujenga vibanda badala ya kutubu ni kupotea njia. Nchini Uingereza, mhubiri John Wesley naye aliona mkono wa Mungu, ila Waprotestanti wengi waliielekezea hukumu hiyo Lisbon ya Kikatoliki. Nchini Ufaransa, wapinzani wa Wajesuiti walisema Mungu amewaadhibu Wajesuiti. Kila upande ulimkuta adui yake chini ya mawe. Wachache walikumbuka kwamba tetemeko lilelile liliua maelfu ya Waislamu huko Moroko, ambao hawakuwa na shauri lolote katika ugomvi huo.

Aliyekerwa zaidi na mahubiri hayo alikuwa waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyekuja kujulikana kama Marquis wa Pombal. Aliagiza maiti zipakiwe mashuani na kuzamishwa baharini kabla maradhi hayajaenea, na akahitaji watu wabaki mjini wajenge. Mwaka 1756 serikali yake ilipeleka maswali kwa maparoko wa nchi nzima: mtikisiko ulidumu muda gani? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka? Nyumba ngapi zimebomoka, na wangapi wamekufa? Halikuwamo swali la dhambi ya nani. Malagrida alihamishiwa Setúbal, na uhasama wake na Pombal uliisha vibaya: mwaka 1759 Wajesuiti walifukuzwa Ureno, na mwaka 1761 yeye mwenyewe, mzee wa zaidi ya miaka 70, alinyongwa kwa hukumu ya Baraza la Uchunguzi na mwili wake ukachomwa moto.

Habari za Lisbon zilimfikia mwandishi Mfaransa Voltaire karibu na Geneva kabla Novemba haijaisha. Katika shairi lililochapishwa mwaka 1756 aliuliza watoto waliopondwa vifuani mwa mama zao walitenda kosa gani, na kama Lisbon kweli iliishinda Paris au London kwa maovu. Hakumkana Mungu, alimwamini Muumba maisha yake yote. Alichokataa ni kumsimamia aliyefiwa na kumwambia kwamba yote ni mema.

Jibu lilitoka kwa mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, katika barua ya Agosti 18, 1756. Si maumbile, aliandika, yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Watu wangekaa kwa kutawanyika, wangehama upesi. Wangapi walikufa kwa kurudi ndani kuchukua nguo, hati au fedha? Akaongeza kwa uchungu kwamba Voltaire, tajiri mwenye sifa, ndiye aliyekata tamaa, ilhali yeye, maskini na mgonjwa, bado ana tumaini. Voltaire alimjibu kwa ufupi tu. Riwaya ya Voltaire, Candide, ilipotoka mwaka 1759, ikimdhihaki mfuasi wa Leibniz anayezunguka ulimwengu wa maafa huku akisifu kila kitu, Rousseau aliamini kwamba hilo ndilo jibu lake.

Barua hiyo ililigawa swali la Ayubu mara mbili. Nusu moja ilishushwa kutoka mbinguni ikawekwa mikononi mwa watu, nayo ikapata mafundi: katika Baixa, eneo la chini la mji, wahandisi wa Pombal walipanua mitaa na kuweka ndani ya kuta fremu za mbao zenye kuhimili mtikisiko. Huko Königsberg, mwanafalsafa Immanuel Kant, kijana wa miaka 31, aliandika makala tatu akieleza matetemeko kwa mapango ya chini ya ardhi. Maelezo yake hayakuwa sahihi, lakini alikataa kuyaita maafa hukumu juu ya walioangamia.

Nusu ya pili haikupata fundi. Mtoto aliyefia kifuani mwa mama yake hakuchagua ghorofa. Mwaka 1791 Kant, sasa mzee, alikiri kwamba kila jaribio la wanafalsafa la kumtetea Mungu kwa hoja limeshindwa, akamrudia Ayubu. Marafiki wa Ayubu, alisema, walidai kujua wasiyoyajua, kama watu wanaojipendekeza kwa mkubwa anayewasikiliza. Ayubu alisema lililokuwa moyoni mwake, na katika kisa hicho anayekubaliwa na Mungu ni yeye. Kwa kipimo hicho, walioipekua Lisbon wakitafuta dhambi ya jirani ndio waliokuwa mbali na Mungu waliyemtetea, na mshairi waliyemshutumu kwa kulalamika alikuwa karibu naye kuliko wao.