Chanjo ya homa ya mafua: Seli za figo ya mbwa zinavyochukua nafasi ya yai

Mwaka 1958 watafiti wawili wa California, Stewart Madin na Norman Darby, walichukua seli kutoka kwenye figo ya mbwa jike aina ya cocker spaniel. Mbwa huyo hayupo tena, lakini vizazi vya seli zake bado vinagawanyika maabara. Leo seli hizo, zinazojulikana kama MDCK, zinatumika kutengeneza mamilioni ya dozi za chanjo ya influenza, yaani homa ya mafua.

Kwani yai lina shida gani?

Tangu miaka ya 1940, virusi vya chanjo hii vimekuwa vikikuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye viinitete vya siku kama 10. Kirusi kinadungwa ndani, yai linarudishwa kwenye joto kwa siku 2 au 3, kisha maji yake yananyonywa yakiwa yamejaa virusi. Kwa hesabu ya haraka, yai 1 hutoa takriban dozi 1. Na si mayai ya dukani. Kuku wake hufugwa maalumu, na oda huwekwa miezi mingi kabla.

Mwaka 2009 utaratibu huo ulikwama. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza janga la H1N1 mwezi Juni, lakini kirusi kikawa kinakua taratibu kwenye mayai. Marekani ilianza kuchanja Oktoba, mwezi uleule wimbi la pili lilipofika kileleni. Foleni zilikuwa ndefu, dozi chache.

Halafu kuna homa ya ndege. H5N1 huua kuku, na chanjo yake inategemea mayai ya kuku haohao.

Kirusi kinabadilika sura

Tatizo jingine halionekani kwa macho. Kirusi kilichozoea mwili wa binadamu kikiingizwa kwenye yai hulazimika kuzoea seli za ndege. Kinachobadilika mara nyingi ni protini ya juu ya kirusi iitwayo hemaglutinini, na hiyo ndiyo kinga ya mwili hujifunza kuitambua. Ni kama mlinzi wa geti kupewa picha ya mwizi akiwa amenyoa, kumbe siku hizi ana ndevu.

Ilitokea kwa H3N2 msimu wa 2016/17. Kirusi kilichokuwa mitaani kilikuwa na sukari iliyofunika sehemu moja ya protini hiyo. Kile cha kwenye yai kiliipoteza, hivyo kingamwili za waliochanjwa zikawa hazikikamati vizuri kirusi halisi.

Kwenye seli inakuwaje?

Seli za MDCK zilizohifadhiwa kwenye baridi kali huyeyushwa, kisha hukuzwa ndani ya matangi makubwa ya chuma yenye maji ya virutubisho. Zikishakuwa nyingi, kirusi kinaingizwa pamoja na kimeng'enya kiitwacho tripsini. Hicho ni lazima: hemaglutinini isipokatwa, virusi vipya haviwezi kuingia kwenye seli nyingine. Katika mapafu ya mtu, mwili wenyewe ndio hufanya kazi hiyo.

Baada ya siku chache maji hayo huchujwa, virusi huuliwa kwa kemikali na kuvunjwavunjwa, kisha protini zinazohitajika husafishwa.

Je, kuna mbwa ndani ya chanjo? Seli nzima hazimo. Hubaki chembechembe kidogo sana za protini na DNA zake, ambazo hupimwa na kuwekewa kikomo. Wala hakuna mbwa mpya anayechinjwa.

Mbegu ilitoka kwenye yai

Ulaya iliidhinisha chanjo ya aina hii mwaka 2007. Marekani ilifuata Novemba 2012 kwa chanjo ya Flucelvax, inayotengenezwa Holly Springs, North Carolina.

Cha kushangaza, kwa miaka kadhaa matangi hayo yalipewa mbegu ya kirusi iliyokuwa imeshapitia kwenye yai, na mabadiliko yake yote. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mbegu iliyokuzwa kwenye seli mwaka 2016, na H3N2 ya mbegu hiyo ikaanza kutumika msimu wa 2017/18. Utafiti wa msimu huo kwa Wamarekani zaidi ya milioni 13 wenye miaka 65 na kuendelea ulionyesha chanjo ya seli ilipunguza wagonjwa wa influenza waliofika hospitali kwa takriban asilimia 10 zaidi ya chanjo ya kawaida ya yai. Ni nafuu, si muujiza.

Ndiyo maana chanjo nyingi duniani bado ni za yai. Viwanda vyake vipo tayari na gharama ni ndogo, wakati kujenga kiwanda cha matangi ni mamia ya mamilioni ya dola.

Mbegu zenyewe huanzia kwenye pua za wagonjwa. Maabara za Nairobi na Entebbe zimo katika mtandao wa WHO unaokusanya sampuli hizo, na wataalamu hukutana kila Februari na Septemba kuchagua virusi vya chanjo ya msimu unaofuata.