Elimu ya Magonjwa na Kinga ya Mwili katika Shule za Kakamega

Elimu ya magonjwa na kinga ya mwili ni sehemu ya masomo ya sayansi inayowafunza wanafunzi jinsi magonjwa yanavyotokea, kwa nini mengine huenea na mengine hayaenei, na jinsi mwili unavyojilinda. Katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, yenye watu 1,867,579 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, somo hili halihitaji mifano ya mbali. Malaria, minyoo, homa ya matumbo, selimundu, kisukari na shinikizo la damu hupatikana katika kijiji kimoja, na mara nyingine katika boma moja. Vitabu huyagawa magonjwa mafungu mawili, yanayoambukiza na yasiyoambukiza. Mgawanyo huo ni mwanzo mzuri, lakini mwanafunzi wa Kakamega huelewa zaidi akifundishwa kuuliza swali moja kwa kila ugonjwa: umeingiaje mwilini?

Nafasi katika mtaala

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mada hii imetawanyika katika biolojia ya shule ya upili. Kinga ya mwili na chanjo hufundishwa Kidato cha Pili ndani ya mada ya usafirishaji katika wanyama, pamoja na damu na moyo. Kifua kikuu, nimonia na pumu huja katika mada ya upumuaji, na kisukari katika mada ya uthabiti wa hali ya ndani ya mwili. Kipindupindu, homa ya matumbo, malaria na kichocho husubiri Kidato cha Tatu, katika ikolojia. Selimundu huja Kidato cha Nne, katika jenetiki. Kwa mpangilio huo, mwanafunzi husoma habari za kingamwili mwaka mmoja kabla ya kufika kwenye mada ya malaria, na miaka miwili kabla ya selimundu, ilhali mambo hayo matatu hutegemeana.

Mtihani wa KCSE wa mfumo huo utafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Mtaala wa umilisi (CBC) unachukua nafasi yake, na katika shule ya sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, masomo ya biolojia, kemia na fizikia yameunganishwa kuwa Sayansi Jumuishi. Kundi la kwanza la Gredi ya 7 lilianza Januari 2023.

Elimu ya UKIMWI ina historia yake. Baada ya Rais Daniel arap Moi kutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, mafunzo kuhusu virusi vya ugonjwa huo yaliingizwa katika masomo mbalimbali badala ya kuachiwa mwalimu wa biolojia peke yake.

Magonjwa ya kuambukiza na njia zake

Magonjwa ya kuambukiza husababishwa na bakteria, virusi, kuvu, protozoa au minyoo. Si yote yanayopita kutoka mtu hadi mtu kwa kugusana. Surua na kifua kikuu husafiri kwa hewa. Kipindupindu na homa ya matumbo huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Virusi vya UKIMWI hupita kwa ngono, kwa damu, na kutoka kwa mama hadi mtoto.

Malaria huletwa na mbu jike wa jenasi Anofelesi. Mtu anaweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa wa malaria asiambukizwe naye. Hatari iko kwa mbu aliyemuuma mgonjwa huyo siku kadhaa zilizopita. Sehemu kubwa ya Kakamega iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, penye baridi kuliko ufuo wa Ziwa Viktoria. Hata hivyo mbu huzaliana katika mabonde ya mito kama Yala na Isiukhu. Utafiti uliofanywa maeneo ya Iguhu, karibu na Msitu wa Kakamega, ulionyesha kwamba miti inapokatwa na vinamasi vikalimwa, madimbwi hupigwa na jua, maji hupata joto, na viluwiluwi vya mbu hukua haraka zaidi. Hapa somo la magonjwa hukutana na lile la mazingira.

Minyoo ya tumboni hupita kwa udongo. Mayai ya mnyoo askaris huliwa pamoja na uchafu wa mikono au mboga zisizooshwa, na viluwiluwi vya safura hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Funza, kiroboto anayejichimbia katika ngozi ya kidole na kisigino, naye hutoka kwenye vumbi la sakafu za udongo. Mtoto mwenye funza huchekwa darasani kama mtu wa kuepukwa, ilhali kukaa naye dawati moja hakumdhuru mwenzake. Penye vumbi lile lile ndipo wote wawili walipo hatarini.

Mwanauchumi Michael Kremer, aliyefundisha katika Shule ya Upili ya Eshisiru, Kakamega, katika miaka ya 1980, baadaye alifanya utafiti na Edward Miguel katika shule 75 za Busia, kaunti jirani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalisema kwamba dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa takribani robo, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika kwa kuwa mayai yaliyomwagika udongoni yalipungua. Hesabu za utafiti huo zimebishaniwa na wataalamu wengine, lakini Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni mwaka 2009. Kremer alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Magonjwa yasiyoambukiza

Kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani nyingi na magonjwa ya kurithi huwekwa katika fungu hili. Mitaani huitwa kwa ufupi “sukari” na “presha”, na wanafunzi wengi huyajua kupitia kwa nyanya au babu wanaomeza vidonge kila siku. Mwalimu ana kazi ya kuondoa dhana mbili: kwamba kisukari huletwa na kula sukari tu, na kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri. Urithi, unene, chumvi nyingi, tumbaku, pombe na kutofanya mazoezi vyote huchangia.

Selimundu ni mfano wenye uzito zaidi katika eneo hili. Mtoto huupata kwa kurithi jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Ikiwa wazazi wote ni wabebaji wasiougua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hapa wanafunzi hukosea mara nyingi, wakidhani kwamba familia ikishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu upya.

Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, aligundua mwaka 1949 kwamba wabebaji wa jeni hii walikuwa wengi pwani na karibu na Ziwa Viktoria, na wachache katika nyanda za juu zisizo na malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba kubeba jeni moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo haimzuii mbu kuuma wala vimelea kuingia. Hupunguza tu ukali wa ugonjwa. Aliyerithi jeni mbili hana nafuu hiyo, na malaria kwake ni hatari kubwa. Ugonjwa usioambukiza umeenea hapa kwa sababu ya ugonjwa unaoambukiza.

Yanayovuka mpaka

Baadhi ya magonjwa hayakai sawasawa katika fungu lolote. Saratani ya mlango wa kizazi haiambukizwi, lakini karibu visa vyake vyote hutokana na virusi vya HPV ambavyo huambukizwa. Ndiyo maana Kenya ilianza mwaka 2019 kuwachanja wasichana wa miaka 10. Saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto, ilielezwa na Denis Burkitt mjini Kampala mwaka 1958, na hupatikana pia magharibi mwa Kenya. Inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr kwa watoto ambao kinga yao imechoshwa na malaria ya mara kwa mara. Maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria wa streptokoka nayo, yasipotibiwa, yanaweza kuufanya mfumo wa kinga ushambulie vali za moyo, na mtoto akabaki na ugonjwa wa moyo usioambukiza maisha yake yote.

Kinga ya mwili

Ulinzi wa kwanza ni ngozi, ute wa pua na koo, machozi na asidi ya tumbo. Kimelea kikipenya, chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali hapo na kukimeza. Sehemu hiyo huvimba, huwa nyekundu na kupata joto. Ulinzi huu haubagui adui. Mwanafunzi aliyejikata mguu akilima huenda amewahi kuota mtoki kinenani. Uvimbe huo ni tezi ya limfu, mahali ambapo chembe za kinga hukusanyika na kuongezeka kupigana na bakteria waliotoka kwenye kidonda.

Ulinzi wa pili hulenga adui mmoja. Limfosaiti B hutengeneza kingamwili zinazolingana na kimelea fulani, na limfosaiti T huua seli zilizoambukizwa au kuongoza mapambano. Baada ya ugonjwa kupona, chembe za kumbukumbu hubaki. Aliyewahi kuugua surua kwa kawaida haugui tena. Kinga ya malaria ni dhaifu zaidi: hujengeka polepole kwa kuambukizwa tena na tena, na hupungua mtu akihama. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kakamega anaweza kuwa na vimelea damuni bila homa, na aliyeishi Nairobi miaka mingi akirudi nyumbani akaugua vibaya.

Mtoto mchanga hupokea kingamwili kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma na maziwa, lakini hizi hudumu miezi michache tu. Chanjo huufundisha mwili bila kuupitisha katika ugonjwa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa nchini Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay, na Kakamega ni miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizochaguliwa kuanza nayo. Ilianza kwa kutolewa mara nne, katika umri wa miezi 6, 7, 9 na 24. Kwa kuwa haizuii malaria yote, chandarua huendelea kutumika.

Kinga pia huweza kukosea. Katika pumu hupigana na vumbi au chavua kama vile ni adui, na katika kisukari cha aina ya kwanza huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Virusi vya UKIMWI huangamiza limfosaiti T zinazoongoza mapambano.

Mbinu za darasani

Shule zisizo na maabara ya kutosha zinaweza kufundisha mengi kwa vifaa vichache. Mwanafunzi mmoja hupakwa unga wa chaki ya rangi kiganjani, humsalimia mwenzake kwa mkono, naye huendelea kumsalimia mwingine hadi mstari uishe. Darasa huona rangi ilipofika, kisha nusu huosha mikono kwa maji matupu na nusu kwa sabuni. Mwalimu makini huuliza baadaye ni magonjwa yapi yasiyoweza kuonyeshwa kwa chaki. Malaria, selimundu na presha hutajwa, na darasa hulazimika kueleza kwa nini.

Kifaa kingine kiko mwilini. Nchini Kenya chanjo ya BCG dhidi ya kifua kikuu huchomwa kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na kwa kawaida huacha kovu dogo la mviringo. Wanafunzi hukunja mikono ya sweta, hutafuta kovu, na kujadili mwili ulikumbana na nini siku ya chanjo.

Shule wakati wa mlipuko

Mabweni huifanya elimu hii iwe ya haraka. Mapema Aprili 2023, Shule ya Wasichana ya Sacred Heart Mukumu ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua tumbo; wanafunzi kadhaa na mwalimu mmoja walifariki. Uchunguzi wa Wizara ya Afya ulitaja bakteria wa E. koli na Salmonela typhi. Oktoba mwaka huo huo, zaidi ya wanafunzi 90 wa Shule ya Wasichana ya St. Theresa's Eregi walilazwa wakiwa wamelegea miguu na kushindwa kutembea. Sampuli zilipelekwa maabara, na maafisa wa afya wakaelekea kwenye maelezo ya mfadhaiko unaoenea katika kundi. Hali hiyo haina kimelea, lakini dalili zake ni za kweli na huchochewa na kuwaona wenzako wakianguka.

Matukio haya mawili katika kaunti moja na mwaka mmoja yanaonyesha kwa nini orodha ya kukariri haitoshi. Kote kuwili wasichana wengi waliugua kwa pamoja, lakini wingi wa wagonjwa haukuthibitisha kwamba kuna vijidudu. Maswali yaliyohitajika ni yale yale: nani ameugua na nani hajaugua, walikunywa maji ya wapi, walikula nini, wanalala bweni gani, na dalili zilianza kwa nani. Mwanafunzi anayeweza kuyauliza na kumpelekea majibu mwalimu wa zamu au mhudumu wa afya huwa ameielewa mada hii kwa kiwango ambacho mtihani wa kukariri haupimi.