Ushahidi wa Ganda la Marisau

Viko vitu vilivyofanywa ili vitumike mara moja, kisha vitupwe. Kimoja cha vitu hivyo ni ganda la marisau. Hili ni ganda la karatasi lenye kitako cha shaba, ambalo ndani yake hutiwa baruti na marisau, yaani zile chembe ndogo za madini ya risasi zinazotumika kuwindia ndege. Mwindaji wa zamani alilifyatua, akalichomoa bundukini, akalitupa matopeni, akaenda zake. Lakini leo wako watu, hasa Marekani na Uingereza, wanaokusanya maganda ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na aghalabu hushindana kuyanunua mnadani. Tazama basi jinsi ganda kama hilo linavyosomwa, maana kulisoma ni kazi ile ile ya mwanahistoria: kumhoji shahidi, na kutomwamini mpaka athibitishwe na mwingine.

Zamani za gobori, mwindaji alitia baruti na marisau kwa mdomo wa kasiba, akashindilia kwa mti. Kazi hiyo ilikuwa ya taratibu, na siku ya mvua ilikuwa ya mashaka. Katika miaka ya 1830, fundi wa bunduki wa Paris aliyeitwa Casimir Lefaucheux alitengeneza bunduki iliyofunguka kwa nyuma, ikapokea ganda lililobeba baruti na marisau pamoja. Ubavuni mwa kitako cha ganda hilo ulichomoza msumari mdogo. Nyundo ya bunduki ilipoupiga msumari, fataki iliyofichwa ndani ililipuka na kuwasha baruti. Bunduki ya namna hiyo ilionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mwaka 1851. Miaka kumi baadaye, mwaka 1861, George Daw wa London alileta sokoni ganda lenye fataki katikati ya kitako, na mtindo huo ndio uliodumu hata leo.

Hapa mwanafunzi mwepesi atasema, "Kila ganda lenye msumari ni la kabla ya 1861." La, hasha! Watu wenye bunduki za zamani hawakuzitupa kwa sababu fundi mmoja amebuni mpya. Maganda ya msumari yaliendelea kutengenezwa kwa ajili yao hata katika karne ya 20. Mwanzo wa jambo haukuwa mwisho wa jambo lililotangulia.

Shahidi wa pili ni namba ya ukubwa. Ukikuta 12 kitakoni, usidhani ni milimita. Twaa ratili moja ya risasi, uigawe mafungu kumi na mawili yaliyo sawa, na kila fungu ulifanye tufe. Upana wa tufe moja, kadiri ya milimita 18.5, ndio upana wa kasiba ya namba 12. Kwa hiyo namba ikipungua, bunduki huwa kubwa zaidi: namba 10 ni pana kuliko 12, na namba 8 ni pana kuliko 10.

Shahidi wa tatu ni chapa iliyopigwa katika shaba. Herufi U.M.C. ni za Union Metallic Cartridge Company, kampuni iliyoanzishwa Bridgeport, Connecticut, mwaka 1867. Kampuni hiyo na ile ya Remington ziliunganishwa mwaka 1912, ndipo majina mawili yakakaa pamoja. Basi ganda lenye chapa REM-UMC halikutengenezwa katika karne ya 19, hata muuzaji akiapa. Lakini chapa nayo yaweza kumpoteza asiye makini. Yako maganda ya Winchester yaliyopigwa tarakimu 1901. Mwaka huo ni wa kuanza kwa aina hiyo, wala si wa kutengenezwa kwa ganda lenyewe, kwani tarakimu hizo ziliendelea kupigwa kwa miaka kadhaa.

Shahidi wa nne ni mwili wa ganda. Maganda mengi ya kale yalikuwa ya karatasi, na mengine ya shaba tupu. Plastiki ilikuja nyuma sana. Remington walianza kuuza maganda ya plastiki mwaka 1960. Mdomoni mwa ganda la karatasi mlikuwa na kifuniko cha mviringo, ambacho mara nyingi kiliandikwa kiasi cha baruti, uzito wa marisau na ukubwa wa chembe. Maandishi hayo yakisomeka bado, thamani hupanda.

Thamani, basi, hupimwa kwa mambo matatu: uchache wa aina, uzima wa ganda, na uhakika wa habari zake. Ganda la namba 12 la kampuni kubwa lilitengenezwa kwa mamilioni, na umri wake peke yake hauliongezei bei. Bweta la asili lenye maganda yake 25 hupendwa kuliko maganda yaliyotawanyika. Hata bweta tupu, likiwa na picha yake safi, laweza kushinda bei ya maganda yenyewe. Sababu ni dhahiri: shaba ilidumu, bali karatasi iliraruliwa ikatupwa. Anayeisugua shaba ili ing'ae huondoa rangi ya miaka mingi, na pamoja nayo huondoa imani ya mnunuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Neno la hadhari halina budi. Ganda la kale lisilofyatuliwa lina baruti bado, na fataki yake yaweza kulipuka. Usilipige, usilichome, wala usilifungue. Tena sheria ya Kenya hairuhusu mtu kuweka risasi za bunduki bila cheti. Ukiliokota, usiliguse zaidi, uwaarifu polisi.

Sasa sikiliza ushahidi ulio mzito kuliko wote. Kwa nini maganda ya namba 8 ya Marekani ni adimu? Katika karne ya 19 wawindaji wa huko waliua ndege kwa wingi ili wawauze sokoni, na bunduki pana ziliangusha wengi kwa mlio mmoja. Njiwa wahamao, ambao makundi yao yalitia giza mchana, walipigwa, wakanaswa kwa nyavu, na misitu yao ikafyekwa. Wa mwisho wao, aliyepewa jina la Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Sheria ya kuwalinda ndege wahamao ilipitishwa mwaka 1918, na kanuni zake zikakataza kuwawinda kwa bunduki pana kuliko namba 10. Ganda la namba 8 likapoteza soko lake, likawa adimu.

Kwa hiyo, msomaji, mtu anayelipa fedha nyingi kwa ganda la namba 8 hulipa kwa sababu ya sheria, na sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya hasara. Bei yake ni hesabu ya ndege wasiorudi. Asiyejua kusoma huona karatasi iliyochakaa na shaba iliyofifia. Ajuaye huona fundi wa Paris, kiwanda cha Bridgeport, na anga lililobaki tupu. Mwanadamu hutupa vitu akidhani amemaliza navyo, kumbe vitu hivyo humngoja vikiwa na ushahidi.