Frank Odoi: Msee Aliyetuchorea Shujaa Kitambo Kabla ya Filamu ya Wakanda

Ukipanda nganya Thika ama Ruiru ukienda tao, cheki michoro kwa bodi. Utapata Black Panther, Spider-Man, mbogi yote ya Marvel. Lakini Akokhan? Hayuko. Na huyo ndiye shujaa aliyechorwa hapa hapa Nairobi. Leo wacha tumpigie saluti aliyemchora.

ALITOKA WAPI?

Frank Odoi alizaliwa 1948 Tarkwa, Ghana. Mwishoni mwa miaka ya 70 alihamia Kenya, akazama kwa magazeti ya Nairobi. Alichora vibonzo vya siasa na hadithi za picha, na jarida la BBC Focus on Africa pia lilibeba kazi zake.

AKOKHAN

Huyu si boy wa kuumwa na buibui kwa maabara. Nguvu zake zinatoka kwa mila na uganga wa Afrika, zile mambo shosho husimulia stima zikipotea. Mpinzani wake ni Tonkazan, na wakipatana hakuna salamu.

Sasa linganisha. Black Panther alibuniwa 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili, na Wakanda yenyewe ni nchi ya kutunga. Odoi alikuwa anachora bara alilokulia.

GOLGOTI

Hapa ndio jamaa alikuwa mjanja. Katuni nyingi za Ulaya, kama ile safari ya Tintin huko Kongo, zilimchora Mwafrika kama mtu wa kuchekwa. Odoi akageuza kibao. Golgoti ni mzungu aliyejipata Afrika enzi za kale, na safari hii yeye ndiye kioja.

Kazi za Odoi zilifika hadi Ufini. 1999, yeye na Leif Packalén wa huko walitoa Comics with an Attitude, kitabu cha kuonyesha vile katuni zinaweza kuelimisha jamii.

ALIVYOTUACHA

Tarehe 21 Aprili 2012, mathree aliyokuwa amepanda ilipata ajali Nairobi. Akafariki. Fundi wa mashujaa wenye nguvu za ajabu alienda vile abiria wengi wa hii nchi huenda, akiwa kwa kiti cha matatu.

KWA NINI UMJUE?

Juu katuni ya gazeti haina bahati. Asubuhi watu wanacheka nayo, jioni imefunga mandazi. Msanii anaeza chora miaka thelathini na mtaa usijue jina lake.

Kwa hivyo wasee wa spray wa Ruiru, nganya inayofuata mpeni Akokhan ubavu mmoja. Na wewe, kama buda yako ameficha magazeti ya zamani kwa stoo huko Thika, usiuzie mama mandazi kabla hujapekua kurasa za katuni. Huenda Odoi yuko ndani.