Mradi wa maktaba: namna ya kupanga ili ordinatere zisizimike kisha mfadhili kuondoka

Katika miji na vijiji vingi vya Kongo, maktaba ya watu wote iko mikononi mwa shirika lisilo la faida, parokia, shule ao kikundi cha vijana. Ikipata mfadhili, inapokea ordinatere, tableti, pengine na paneli za jua. Siku ya kufungua kuna hotuba na picha. Shida inakuja kisha: batri inachoka, pesa ya kununua ingine hakuna, chumba kinafungwa. Mara nyingi hakuna mtu aliyeiba. Ni mradi tu ambao haukupangwa mpaka mwisho. Kazi hiyo ya kupanga inaitwa usimamizi wa miradi, na mtunza maktaba anaweza kuijifunza kidogo kidogo, hata kama hakuisomea chuoni.

Mradi ni nini, huduma ni nini?

Mradi uko na mwanzo, uko na mwisho, uko na pesa zake zilizohesabiwa. Kununua ordinatere tano na kuzifunga, huo ni mradi. Kufungua chumba kila asubuhi na kuwasaidia wasomaji, hiyo ni huduma, na haina tarehe ya mwisho. Mfadhili analipia mradi. Huduma inabaki kwa maktaba. Kwa hiyo swali la kwanza linaulizwa mbele ya kununua chochote: mradi ukiisha, nani atalipa intaneti, mlinzi na matengenezo?

Kuanza na mahitaji ya watu

Wafadhili wengi wanaomba jedwali linaloitwa « cadre logique ». Lilitengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, lililokuwa shirika la misaada la Marekani. Kwa ufupi, linapanga ngazi nne: shughuli, matokeo, lengo, na lengo kubwa la mbali. Kila ngazi inaulizwa: tutaipima na nini, ushahidi uko wapi, na ni mambo gani ya nje yanaweza kuikwamisha?

Kosa la kawaida ni kuandika « kupata ordinatere tano » kama lengo. Hivyo ni vyombo tu. Lengo linaweza kuwa hili: wanafunzi wanaojitayarisha kwa Examen d'État wapate mazoezi ya miaka iliyopita bila kulipa. Likiandikwa hivyo, wakaaji wanaweza kusema kama ndiyo shida yao kweli. Pengine itaonekana kwamba ordinatere mbili na printa moja zinatosha.

Hesabu ya umeme

Hapa ndipo miradi mingi inaangukia. Tuseme ordinatere moja ya kubeba inakula wati 50. Tano, kwa saa tano kila siku, zinakula wati-saa 1.250. Batri ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba wati-saa 2.400 kwenye karatasi. Lakini batri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu kila siku, la sivyo inakufa haraka. Zinabaki 1.200. Batri moja haitoshi, na taa hazijahesabiwa bado.

Tena batri inazeeka. Tuseme, kwa mfano, ingine itagharimu dolari 360 kisha miaka mitatu. Hiyo ni dolari 10 za kuweka pembeni kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza. Mstari huo uingie katika bajeti, na njia ya kupata pesa hiyo ijulikane: malipo ya kuchapisha karatasi, michango ya wanamemba, ao mchango wa shule za jirani.

Mfano mmoja unawagusa Wakongomani. Kisha tetemeko la ardhi la Haiti mwaka 2010, shirika la Ufaransa Bibliothèques Sans Frontières lilibuni Ideas Box, maktaba inayosafiri ndani ya masanduku, pamoja na UNHCR na mbunifu Philippe Starck. Za kwanza zilipelekwa mwaka 2014 nchini Burundi, katika kambi za wakimbizi kutoka Kongo. Inakunjwa juu ya paleti mbili, na chanzo chake cha umeme kinasafiri nayo. Umeme ulipangwa pamoja na vitabu tangu mwanzo.

Njia ingine ya kupunguza gharama ni kufanya kazi bila intaneti. Programu ya Kiwix, ya bure, inaweka Wikipedia ya Kifaransa na picha zake ndani ya kadi ya giga 128. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaigawa kwa telefone za wasomaji kwa Wi-Fi, na inakula wati chache tu.

Daftari ya hatari

Hapa kwetu hatari zinajulikana. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika moto, na siku chache kisha wakaaji wengi wa Goma wakaambiwa kuondoka. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia katika muji huo, benki zilifunga milango. Daftari ya hatari inaandika mambo manne: nini kinaweza kutokea, kitaharibu nini, tutafanya nini, na nani atafanya. Mfano: watu wakikimbia, nani anabeba diski yenye nakala? Funguo ziko kwa nani? Benki ikifungwa, mlinzi analipwa kwa njia gani? Jibu likiwa « sisi wote », hakuna atakayefanya. Jina moja liandikwe.

Kujifunzia wapi?

Shirika la PM4NGOs linatoa kitabu cha Project DPro, kilichoandikwa kwa ajili ya mashirika ya maendeleo. Kinapatikana kwa Kifaransa, na kukisoma ni bure. AfLIA, muungano wa maktaba za Afrika wenye makao yake Accra, Ghana, uko na mafunzo kwa watunza maktaba za watu wote.

Namna nzuri ya kujizoeza ni mradi mdogo wa miezi miwili ao mitatu, kwa mfano kupanga upya vitabu vya watoto. Uwe na tarehe, bajeti, mtu wa kujibu na ripoti ya kurasa mbili. Ripoti hiyo iseme pia ni nini hakikufaulu. Mfadhili ajaye ataisoma, na mtunza maktaba ajaye vilevile.