Ndinga Chini Hadi Mafia: Historia ya Watu Wasio na Majina na Saizi ya Tairi Inayokufaa

Mtu wangu, kila ukifungua simu unakutana naye. Jina hatutaji, maana wako wengi: staa wa mjini, ndinga imelala chini, rimu zinang'aa, tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Picha kali, "likes" zinamiminika.

Sasa ihamishe picha hiyo Kilindoni. Mafia ina mkeka wa lami wa kama kilometa 14, kutoka Kilindoni hadi Utende kwenye lango la Hifadhi ya Bahari. Ukishika njia ya kaskazini kwenda Kirongwe na Bweni, kwa miaka mingi hiyo imekuwa ya udongo na mchanga. Mjini mkoko ni gari, kisiwani mkoko ni mti, na wenye mizizi inayoufaa mchanga ni ule mti. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya rimu, tupige stori: huu mtindo ulitoka wapi, na gari dogo la kila siku livae saizi gani?

Vijana wa mifuko ya mchanga

Twende Los Angeles, miaka ya 1940 na baada ya vita. Vijana wenye asili ya Meksiko walinunua magari yaliyotumika wakatafuta namna ya kuyafanya yao. Walitupia mifuko ya mchanga kwenye buti gari likae chini, wengine wakakata springi. Historia haina majina yao. Walikuwa vijana wa mtaani tu, wanaendesha polepole ili waonekane.

Wakubwa hawakupenda. Kuanzia mwaka 1958 sheria ya California ikasema gari lililobadilishwa lisiwe na sehemu yoyote iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Yaani rimu ndiyo ikawa rula. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akaweka haidroliki kwenye Corvette yake: akiona polisi anapandisha, polisi wakipita anashusha. Zuio lile lilikaa hadi California ilipolifuta kuanzia Januari 2024.

Ila hiyo rula usiidharau. Tairi likiisha upepo ghafla, gari linakaa juu ya rimu. Kama bodi au bomba la ekzosi liko chini kuliko rimu, kinachoburuta barabarani ni gari lenyewe.

Kutoka Japani hadi Gerezani

Japani nako vijana wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa na mtindo wao wa magari yaliyolala, wakiuita shakotan. Nao wengi hatuwajui majina. Kwetu, enzi za ruksa za Rais Mwinyi, 1985 hadi 1995, milango ya biashara ilifunguka na magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kuzoeleka. Baadaye Toyota ikatoa Vitz mwaka 1999 na IST mwaka 2002, na leo ukisimama foleni yoyote Dar utazihesabu mpaka uchoke. Rimu za mtumba zikaja nyuma yake, na mafundi wa Gerezani na kwingineko wakajifunza kuzivalisha kwa macho na mikono. Nao hakuna kitabu kilichowaandika.

Mafia na magurudumu

Kisiwa chenyewe kina stori ya magurudumu ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wanaiwinda meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji, walisafisha uwanja Mafia na kurusha ndege kutoka hapo. Ndege ziliongoza mizinga ya meli zao, na Königsberg ikaangamia Julai 11, 1915. Hata ndege za vita ilibidi kwanza zitengenezewe ardhi. Magurudumu hayachagui barabara, barabara ndiyo inayachagua.

Siku hizi gari linafika kwa kivuko cha MV Kilindoni kutoka Nyamisati, wilayani Kibiti. Kwa gari lililoshushwa, mtihani wa kwanza uko pale pale: pembe ya mlango wa kivuko. Bampa ndilo linalofika kabla ya tairi.

Soma namba, usisome picha

IST nyingi za kizazi cha kwanza huvaa 185/65R15. Maana yake: upana milimita 185, ukuta wa pembeni asilimia 65 ya upana huo, R ni muundo wa radial, na rimu ni inchi 15. Ukipiga hesabu, ukuta ni kama milimita 120 na tairi zima lina kipenyo cha kama milimita 621. Hiyo 621 ishike, ndiyo dira yako.

Ukitaka rimu kubwa, ukuta lazima upungue ili kipenyo kibaki karibu pale pale:

- 195/55R16: kipenyo kama 621, ukuta 107. Karibu sawa kabisa na ya kiwandani.
- 205/45R17: kipenyo kama 616, ukuta 92. Inapendeza, lakini shimo moja linaweza kukupindia rimu.
- 195/50R15: kipenyo 576 tu. Gari linashuka kama sentimita 2.3 bila kugusa springi, na spidomita inakudanganya: ikisoma 100, wewe uko kama 93.

Angalia pia namba ya uzito inayofuata saizi. 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, 87 ni 545, 84 ni 500. Tairi la inchi 17 lenye 84 limekupunguzia kilo 60 kila kona. Ukiwa peke yako unapiga picha, sawa. Ukiwa na watu watano, mabegi na ndoo za samaki, hapo ndipo tairi linapochemka na kupasuka. Haya si mambo ya urembo tena, ni maisha ya watu.

Kitu kingine ni ofseti, ile ET iliyoandikwa kwenye rimu. Ukitoka rimu ya upana wa inchi 6 yenye ET45 ukaweka ya inchi 7 yenye ET40, ukingo wa nje unasogea nje kama milimita 18 na wa ndani unaingia kama milimita 8. Kwenye gari la kawaida labda itapita. Kwenye gari lililoshushwa, ukipakia watu nyuma, tairi linakula madigadi. Vitz nyingi na IST za kizazi cha kwanza zinatumia misumari 4 kwenye duara la milimita 100, kwa hiyo rimu nyingi zitaingia. Kuingia siyo kukaa vizuri.

Kwa hiyo Mafia uvae nini?

Kama gari ni la kila siku, baki na inchi 15: 185/65, au 195/60 ambayo kipenyo chake ni 615. Kama roho inataka zaidi, 195/55R16 ndiyo mwisho. Inchi 17 iache kwa anayekaa kwenye lami tu. Sababu ni rahisi: ukishusha gari umeshaipunguzia springi nafasi ya kucheza, kwa hiyo ukuta wa tairi ndio mto uliobaki. Ukipunguza vyote viwili, kiuno chako ndiyo shokapu.

Kushusha kwenyewe, sentimita 3 zinatosha kuonekana, tena kwa springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Springi iliyokatwa kwa grainda inaweza kulegea kwenye kikombe chake gari likiruka tuta, na shokapu ya kawaida inakufa mapema.

Ukinunua rimu za mtumba za Japani, tafuta alama ya JWL iliyochongwa kwenye chuma, kisha izungushe uone kama imepinda au imeungwa. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri juu ya mpira mzee haikuokoi. Halafu ukishatembea ufukweni au ukashuka kwenye kivuko, osha rimu kwa maji baridi, maana chumvi haina urafiki na aloi.

Wale vijana wa mifuko ya mchanga hawakuwa na hela ya rimu kubwa. Walitumia walichonacho kwenye barabara waliyokuwa nayo, na mtindo ukazunguka dunia nzima. Staa wetu wa kwenye simu anaweza kuwa na gari la pili la kumpeleka Bweni. Wewe unalo moja, na Jumatatu unalihitaji.

Haya wadau, wewe umevaa saizi gani na unapita njia gani? Tupia hapo chini tupeane ujuzi.